MTO WA KITENGE WANUNULIWA ELFU NNE, WAUZWA ELFU KUMI NA TANO: NANI ANAKULA?

Leo sina siasa wala matokeo ya mechi. Leo tunaongelea mito ya makochi. Usicheke wala usifunge ukurasa, lipia nusu saa nyingine hapo kafe usome mpaka mwisho, maana hili linamhusu kila mwenye dada, mama au shangazi mwenye cherehani.

Wengi wenu Mombo mnaijua kwa dirisha la basi. Unatoka Dar, ukishapita Korogwe unaanza kuona milima ya Usambara mkono wa kulia na mashamba ya mkonge yamejipanga mistari. Basi linasimama, vijana wanakimbilia madirishani na matunda na maji, wa Lushoto wanashuka kutafuta gari za kupanda mlimani kupitia Soni. Dakika chache tu basi limeondoka. Sasa ukishuka ukatembea kidogo kutoka barabara kuu, kuna kibaraza ambacho mama yangu mdogo anashonea.

Mama mdogo ni fundi wa siku nyingi. Sare za shule, kupunguza suruali, magauni ya kicheni pati, yote anafanya. Kila wiki vipande vya vitenge vinabaki chini ya mashine na zamani alikuwa anavitupa. Miaka miwili iliyopita akaanza kuvipanga juu ya foronya za mito ya makochi. Vipande vya kijani na bluu anavikata vyenye ncha kama milima inavyoonekana ukiwa huku bondeni, halafu chini yake anashona vipande vyembamba vilivyonyooka kama mistari ya mkonge. Mto huo anauita Mlimani. Mimi ni mtoto wake lakini sisemi kwa upendeleo, ule mto ukiuona unajua umetoka wapi.

Kuna duka moja la vitu vya wageni, mji siutaji na duka silitaji, wakawa wanachukua mito kwake kwa shilingi 4,000 mmoja. Mama mdogo akafurahi, oda ya uhakika! Siku moja mimi nikatumwa kupeleka mzigo. Nikaona mto wa mama mdogo ukutani, umebandikwa 15,000. Nikanyamaza. Mara ya tatu kupeleka, tukaambiwa mzigo hauhitajiki, wamepata fundi mwingine. Na kweli mito ilikuwepo. Milima ileile, mkonge uleule, hata rangi zimefuatwa.

Mama mdogo alirudi nyumbani, akafunika mashine na kanga, akaniambia, "Mwanangu, nitafutie mtu wa kununua cherehani."

Ndiyo sababu ya makala hii. Sikumtafuta mnunuzi. Nilikaa kafe, nikasoma, nikauliza watu, nikachukua na daftari. Kidato cha nne hesabu nilipata D, ila kwa hesabu hii D inatosha.

FUNDI NA MBUNIFU WANATOFAUTIANA WAPI?

Fundi unampelekea kitambaa, unamwambia nishonee kama hii ya kwenye picha. Wazo ni lako, kitambaa ni chako, yeye unamlipa mkono. Mbunifu anaanza na wazo lake mwenyewe, anatafuta kitambaa, anashona au anashonesha, anatia jina lake na bei anapanga yeye. Wengi wa mafundi wetu mtaani ni wabunifu ila wanalipwa kama mafundi. Hapo ndipo mshiko unapopotelea.

Bongo tunao waliovuka mstari huo. Mustafa Hassanali alisomea udaktari kabisa, akaingia kwenye mitindo, na mwaka 2008 akaanzisha Swahili Fashion Week pale Dar es Salaam, jukwaa ambapo wabunifu wa Afrika Mashariki wanaonyesha kazi zao. Zanzibar yupo Doreen Mashika, aliyefungua duka Mji Mkongwe na kutumia kanga na vitenge kwenye nguo na mikoba. Majirani zetu Kenya wana KikoRomeo, iliyoanzishwa Nairobi na Ann McCreath mwaka 1996.

Na usidhani ni mambo ya majukwaani tu. Kituo cha Mabinti cha Dar es Salaam kilianza mwaka 2006 chini ya CCBRT. Kinafundisha wanawake waliotibiwa fistula, yule mama aliyeumia kwenye uzazi na wengine kutengwa na watu wao. Wanajifunza kushona, kuchapa michoro kwenye vitambaa kwa mkono, na kazi za shanga. Wanatengeneza mikoba, mito na vitu vya nyumbani. Angalia walichofanya: hawakuishia kushona kitambaa cha kununua, mchoro wenyewe wanauchapa wao. Kumbuka hilo, nitalirudia.

KITAMBAA CHENYEWE NI CHA NANI?

Hapa nilishangaa. Tunasema kitenge ni vazi la Mwafrika, na ni kweli, tumekivaa mpaka kimekuwa chetu. Lakini safari yake ni ndefu. Watu wa Java, Indonesia, walikuwa wanachora vitambaa kwa nta: unapaka nta ya moto pale usipotaka rangi ishike, unatumbukiza kwenye rangi, unatoa nta. Waholanzi waliotawala huko wakajaribu kuiga kwa mashine. Kampuni ya Vlisco ilianzishwa mji wa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, na mpaka leo inachapa. Vitambaa hivyo vya mashine vikapata wapenzi zaidi Afrika Magharibi, vikasambaa, na sisi tukaviita vitenge.

Vingi tunavyonunua sokoni leo si vile vya nta. Vinachapwa upande mmoja kwa mashine, viwanda vya hapa nyumbani, vya China na vya India. Kupima ni rahisi: geuza kitambaa. Cha nta rangi inafanana mbele na nyuma. Kile kingine nyuma kimepauka. Sio kwamba ni kibaya, kwa mto wa kochi kinafaa tu, ila ufue kipande kidogo kabla ya kukata. Kitenge kikichuja juu ya kochi jeupe la mteja, umepoteza mteja na kochi lake unalo wewe!

Kanga nayo ina mambo yake. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wananunua leso za mraba zilizokuja na wafanyabiashara, wanaziunganisha sita kuwa nguo moja, tatu juu tatu chini. Baadaye ikachapwa nzima na ikapata sehemu zake: pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina, yaani yale maneno ya chini. Inauzwa mbili mbili, ndiyo doti. Mbunifu anayekata kanga lazima afikirie. Ukikata ovyo unakata jina katikati, na mwanamke wa pwani akiona mto wenye nusu ya maneno atacheka mpaka basi. Wanaojua wanaliacha jina lisomeke kwenye mkoba au kwenye ukingo wa pazia, na hapo bei inapanda kwa sababu mteja ananunua na maneno.

Nchi yetu inalima pamba, hasa Kanda ya Ziwa, na viwanda tulivijenga. Urafiki pale Ubungo kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China, na wazee watakutajia Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma. Vingi vya umma viliyumba miaka ya 80 na 90. Mitumba nayo ikaingia kwa wingi. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa taratibu, Marekani ikatishia kufunga mlango wa AGOA, wengi wakarudi nyuma. Rwanda ikagoma, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuingiza nguo zake Marekani. Kwa hiyo fundi wa Mombo anashindana na shati la mtumba la elfu mbili. Kwa bei hawezi kulishinda. Anaweza kulishinda kwa kitu ambacho mtumba hauna: Usambara juu ya mto.

SASA HESABU

Kaa vizuri. Jora la kitenge la yadi sita ni kama mita tano na nusu, upana wake sentimita 115 hivi. Mto wa sentimita 40 kwa 40 unahitaji kipande cha 43 kwa 43 ili ubakize cha kukunja. Upana unatoa vipande viwili, urefu unatoa kumi na mbili. Jumla vipande 24. Mbele kitenge, nyuma kitambaa cha rangi moja, unapata mito 24 kwa jora moja. Pembeni unabaki na ukanda wa sentimita 29, huo ndio anaokatia milima na mkonge, pamoja na mabaki ya wateja.

Nilimwomba mama mdogo anitajie alivyotumia kwa mzigo mmoja wa mito 24:

Kitenge 24,000
Kitambaa cha nyuma 18,000
Zipu 24 za 500, jumla 12,000
Uzi na mkaa wa pasi 6,000
Jumla 60,000, yaani 2,500 kwa kila foronya

Aliuza 24 kwa 4,000, akapata 96,000. Faida 36,000. Hivyo ndivyo alivyokuwa anahesabu kichwani, na hivyo ndivyo mafundi wengi wanavyohesabu.

Nikamuuliza, nauli je? Nauli na chakula cha njiani 8,000. Kibaraza unalipia? Kwa mzigo huo sehemu yake 10,000. Mashine? Sindano, mafuta, na yule jamaa wa kutengeneza, 4,000. Mito miwili ilirudishwa zipu zimekatika, akarudisha 8,000 ya watu. Hapo zimeondoka 30,000. Faida ya kweli ni 6,000.

Nikauliza swali la mwisho. Ulishona siku ngapi? Siku sita.

Buku kwa siku wadau. Asubuhi mpaka jioni, mgongo umepinda, buku. Yeye mwenyewe alikaa kimya, akachukua daftari akarudia kujumlisha.

Sasa tusiwe wa kulaumu tu. Yule mwenye duka naye analipa pango, kodi na umeme, na mto unaweza kukaa ukutani miezi mitatu. Mnunuzi wa jumla lazima aongeze, hiyo ni biashara. Kosa letu lilikuwa kwamba ile 4,000 ilikuwa bei ya kitambaa, zipu na nauli. Mkono wake haukuwemo na wazo lake halikuwemo. Tulimpa bure, naye akapokea.

Hesabu mpya tumeifanya hivi. Vifaa 2,500. Gharama za pembeni, ile 30,000 gawa kwa 24, ni 1,250. Mkono: siku sita kwa 10,000 kwa siku ni 60,000, gawa kwa 24, ni 2,500. Tumefika 6,250. Ongeza 1,250 ya ubunifu na ya kukuza mtaji, inakuwa 7,500. Hiyo ndiyo bei ya jumla. Mteja wa moja kwa moja ni 12,000, kwa sababu hapo wewe ndiye duka, unakaa na mzigo na kuongea na watu. Ukitaka kuiga chukua njia, namba weka zako, maana bei za vitenge hazitulii.

JE, KUIGA MTO NI WIZI?

Hili swali lilinisumbua kuliko yote. Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na ofisi inayosimamia ni COSOTA. Zanzibar wana COSOZA. Watu wanadhani COSOTA ni ya wanamuziki tu. Hapana. Sheria inataja pia kazi za sanaa zinazotumika maishani, iwe zimetengenezwa kwa mikono au kiwandani. Na hakimiliki inaanza pale unapoitengeneza kazi, hata kabla hujasajili. Kusajili kunakusaidia kuthibitisha kwamba ni yako.

Lakini soma taratibu. Huwezi kumiliki mto wa mraba. Huwezi kumiliki wazo la kuweka milima kwenye kitambaa, kila Msambaa angekuwa mahakamani. Kinacholindwa ni mchoro wako mahususi, namna ulivyoipanga ile milima na ile mistari. Akija mwingine akachora Usambara kwa namna yake, ruksa. Akinakili wako kipande kwa kipande, hapo ana kesi ya kujibu.

Na tujiangalie na sisi. Lile ua kubwa kwenye kitenge ulichokata, kuna mtu kiwandani alilichora. Ukishona gauni kutokana na kitenge ulichonunua huna kosa, kitambaa umekilipia. Ila usijisifu kwamba mchoro wa ua ni wako. Ndiyo maana nimesema mkumbuke Mabinti. Anayechapa mchoro wake, au anayetengeneza batiki yake mwenyewe kwa nta na rangi nyuma ya nyumba, ana kitu ambacho haendi kukikuta kwenye kila duka la jora. Na anayepanga vipande kama mama mdogo naye ana chake.

Kunakiliwa hakukuanzia kwenye mto wa Mombo. Kampuni moja ya Uingereza iliomba mwaka 2006 kusajili neno kikoy liwe alama yake ya biashara huko kwao. Neno letu la kikoi! Wakenya na marafiki zao wakapinga, ombi likaachwa. Louis Vuitton nao walitoa nguo za wanaume za msimu wa joto wa 2012 zenye miraba kama ya shuka za Wamasai, watu wakauliza Mmasai amepata nini. Tofauti ni moja: kikoi kilipata watu wa kukisemea wakiwa na karatasi mkononi. Mama mdogo alipoulizwa ushahidi kwamba Mlimani ni wake, hakuwa na hata picha.

TUFANYE NINI SASA

Haya ndiyo tuliyofanya sisi, si makubwa.

Kwanza, kila muundo mpya unachorwa kwenye daftari na kupigwa picha, tarehe inaandikwa. Picha natuma kwenye barua pepe yangu ili tarehe ibaki hata simu ikiibiwa.

Pili, lebo. Kipande cha kitambaa cheupe, jina na Mombo, kinashonwa ndani ya mshono wa zipu. Atakayeiga milima itabidi aige na jina, na hapo atajulikana.

Tatu, tunaandaa kusajili jina la biashara BRELA, siku hizi unafanya kwa mtandao, hata hapa kafe unaweza. Kwa mafunzo na ushauri wa biashara ndogo, SIDO ipo tangu mwaka 1973 na ina ofisi Tanga.

Nne, mali kauli basi. Ukichukua mzigo, tunaandikishana: idadi, bei, siku ya kulipa, na kwamba muundo hautapewa fundi mwingine. Karatasi moja, sahihi mbili. Tungekuwa nayo mwanzo nisingeandika makala hii.

Mtaniuliza, imelipa? Sitawadanganya. Mwezi wa kwanza aliuza mito minne tu kwa 12,000, kwa abiria waliokuwa wanasubiri gari za Lushoto. Mitano zaidi kwa jumla. Duka lile hatujalidai kitu, bila ushahidi tungeenda kusema nini? Ila cherehani ipo palepale kibarazani na ile kanga ya kuifunika imerudi kiunoni.

Juzi nilikuwepo dada mmoja alipoukamata mto, akauliza, mama mbona ghali hivi, kitenge si bei rahisi tu? Mama mdogo hakukasirika. Akafungua droo, akatoa kipande cha kitenge kilekile.

"Hiki nakuuzia elfu moja, mwanangu. Milima utashona mwenyewe."

Dada akacheka, akalipa 12,000.

Haya wadau, nawasilisha. Wewe fundi wako anakutoza shilingi ngapi, na ukigawa kwa siku anazokaa kwenye mashine anabaki na ngapi? Fanya hesabu halafu uniandikie hapo chini kwenye maoni. Wenye uzoefu wa COSOTA na BRELA msipite kimyakimya, tufundishaneni. Nusu saa yangu imeisha, mhudumu ananiangalia.